Kitambaa Chekundu kwenye Kopo la Breki

Bakari, ndugu yangu,

Gari lako bado liko kwenye gereji yetu hapa Changamwe, lile la jeshi ulilolinunua vita vilipokwisha, lenye chumba cha mbao mgongoni. Vitanda viwili vimo, na rafu ya sufuria uliyoipigilia mwenyewe. Mkeo Mwanasha ametoka eda juzi. Anataka nimpeleke yeye na watoto kwa wazazi wake Utange, kwa gari hilo hilo, kama ulivyomwahidi. Sikuweza kumwitikia kabla sijajua breki zina nini.

Unakumbuka tulivyokosana. Siku ulipolileta, pedali ilizama mpaka chini, nikaongeza mafuta ya breki. Kesho yake ukaenda nalo Mikindani, ukarudi magurudumu yanafuka moshi. Nikakucheka mbele ya wateja. Nikasema umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Uliinama kidogo kwenye makopo yetu, ukavaa kofia yako, ukaenda zako Likoni. Wiki hiyo hiyo homa ikakuchukua. Habari ilinifikia umeshazikwa. Hata radhi sikukuomba, Bakari. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Jana nimeliinua kwa jeki. Gurudumu la mbele lilikataa kuzunguka, ingawa nililisukuma kwa mikono miwili. Nikalegeza skrubu ya kutolea upepo, mafuta yakaruka, gurudumu likaachia. Kumbe breki zilikuwa zikishika vizuri, ila hazirudi. Nikaifungua silinda ya breki. Raba zote zimevimba kama maharage yaliyolowekwa. Nikanusa kidole. Hakuna ile harufu ya spiriti ya mafuta ya breki hata kidogo. Mafuta ya injini.

Nilikaa chini palepale. Makopo yetu yote ni ya jeshi, yote rangi moja, hayana maandishi. Ndiyo maana ulifunga kitambaa chekundu kwenye lile la breki. Siku ile nilikifungua nikajifutia mikono, kisha nikakifunga kwenye kopo lisilo lake, nikamimina kutoka humo. Nawe kila siku ulikuwa ukiniambia, "Nusa kwanza, Karisa." Mimi nilijiona fundi mkubwa, wa kunusa ni wanafunzi. Gari lako lilipungukiwa mafuta ya breki tu. Ubovu niliutia mimi.

Leo asubuhi nimevuka Likoni kumwambia Mwanasha. Nilidhani atanifukuza. Badala yake akasema, "Alijua, shemeji."

Kumbe ulipoinama pale ulikuwa unanusa. Ulijua, ukanyamaza, ukayabeba matusi yangu hadi kitandani. Anasema ulimwambia, "Usimtie haya. Nikipoa tutazifungua pamoja." Nililia mbele ya watoto wako, Bakari. Yule mdogo akaniletea maji.

Nimetia raba mpya, nimesafisha mabomba kwa spiriti, nimetoa upepo mara mbili. Alasiri nimeliteremsha kilima peke yangu. Likasimama nilipotaka, nikainua mguu likaachia. Ningependa uwe umekaa pembeni yangu ukinikosoa.

Kesho nalivusha kwa feri kuwachukua. Nitakwenda polepole, na usiku wao wa kwanza Utange watalala humo humo, kama ulivyotaka. Wakati wowote Mwanasha akitaka safari, fundi wake ni mimi, maadamu naishi.

Pumzika, ndugu yangu, na unisamehe. Kitambaa nimekirudisha kwenye kopo lake. Nimenusa kwanza.

Karisa