TV ya Nalianya

Apiyo, mimi ni mtu mbaya. Kweli kabisa.

Si unajua Nalianya, jirani yangu hapa Kabiro, TV yake hutumia wifi yangu? Series yangu ikianza kukwama huwa naiblock hiyo TV kwa simu. Akiuliza nasema ni network.

Leo asubuhi nikaiblock. Nikasahau.

Saa nane akanigongea na magongo yake: "Mercyline, TV imepoteza wifi tena, kuja uangalie."

Naingia, nyumba imejaa watu wa kwao, wote wanaangalia screen nyeusi. Mamake alikuwa anazikwa Bungoma, inaonyeshwa live. Nilijua mazishi ni leo! Nilijua hawezi safiri na huo mguu!

Nikajifanya fundi, Apiyo. Nikazima TV, nikawasha, nikaweka password upya, kumbe ni kwa simu natafuta pa kuiunblock.

Picha ikarudi. Walikuwa wameshafunika kaburi, wanapanga maua.

Nalianya akanishika mkono. "Asante sana. Bila wewe singeona hata hii."

Hata hii, Apiyo.

Halafu wakanipea kiti cha mbele na soda. Nikakaa. Nikainywa yote.