Gari la Kuvuta Tela la Baba

Magogoni, Aprili 1961

...na bado naamini hoja zangu zilikuwa madhubuti: kati ya pikapu mbili tulizotaka kuchagua, ile mpya ina injini kubwa kuliko ile kuukuu ya jeshi. Baba, ambaye tela lake la mawe likikwama wakati wa masika sote tunalala njaa, alinisikiliza hadi mwisho.

"Wallahi umesoma, mwanangu. Sasa na tuzifunge tela, moja baada ya nyingine, zipande kilima."

Mpya ilizama topeni. Ya jeshi, magurudumu yote manne yakivuta, ilipanda. Baba alitembea kando yake akiipigapiga ubavuni: "Haya, bibi, twende!"

Maneno yale yale aliyokuwa akimwambia punda wetu akivuta mkokoteni, nami, mtoto, nimeketi juu ya mawe.

Tumechagua ya jeshi. Nimeshindwa, wala sikuumia. Nilitamani tu anigeukie, aseme kama zamani, "Panda, mwanangu."