Siku Tuliyobomoa Ukuta wa Mwalimu Yafeti

Jumamosi, 1956. Jua limewaka tangu mapema na matope yameanza kukauka. Mto umerudi kwenye kingo zake, ila mbu bado hawajapata habari. Mikono inaniuma, nywele zimejaa vumbi, na nina furaha ajabu.

Leo tumeubomoa ukuta.

Tangu niletwe kufundisha hapa karibu na Kulesa kutoka kwetu Kipini, ukuta ule umenitesa. Uliikata shule yetu kuukuu ikawa vyumba viwili vya giza. Madawati yalibanana, na mtoto hakuwa na pa kufinyanga, kuchora wala kuigiza hadithi. Nilitaka chumba kimoja kikubwa, tukigawe tukipenda. Wazo nililipata malishoni kwa Waorma, nilipomwona mama wa mwanafunzi wangu Hawo akiifungua nyumba yake ya mikeka, akaipakia juu ya punda, akaenda kuisimamisha kwingine.

Shida ilikuwa Mwalimu Yafeti, mkuu wetu. Ukuta ule aliukandika mwenyewe enzi za ujana wake, na nyuma yake ndiko alikokuwa na ofisi. Muhula mzima nimemsihi. Juzi akasema tu, "Haya, Mwalimu Zuhura," akaondoka bila kuniangalia.

Asubuhi wazazi walikuja na majembe. Tulisimamisha boriti ya kushikilia paa. Hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kuupiga ukuta. Mwalimu Yafeti akavua koti, akalikunja vizuri, akachukua jembe.

"Niliujenga mimi. Nipisheni."

Akapiga. Paa likalia kwaa! Sote tukatoka mbio, yeye mbele. Tukasimama uani tukilikodolea macho lile paa. Halikuanguka. Aliyeanza kucheka ni yeye, na mimi sikuwahi kumsikia akicheka.

Adhuhuri, ukuta ukiwa umelala chini, Mama Hawo alileta mikeka na fito za kugawia chumba, akatuonyesha namna ya kuifunga ili ikunjwe upesi. Mwalimu Yafeti aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Mwishowe akaweka meza yake penye mwanga, ubavuni mwa pembe ya kufinyangia.

"Watanichafulia karatasi," alinung'unika. Lakini meza hakuiondoa.

Nakiri nimeingiwa na woga kidogo. Kukililia chumba kulikuwa rahisi. Sasa lazima nifundishe ndani yake.

Watu walipotawanyika, Mama Hawo alibaki nyuma.

"Mwalimu," akasema polepole, "watoto wakienda nyumbani, hapa inabaki tupu. Sisi kina mama, tunaweza kuingia? Kusoma?"

Nikamwambia ndiyo palepale, bila kumwuliza mtu.

Mwalimu Yafeti hajui. Kesho akitoka kanisani nitamweleza. Akikataa, nitafanyaje? Sijui. Ila Jumatatu alasiri mikeka yote itakuwa imekunjwa, na mimi nitakuwa mlangoni kuwapokea.