Mimba Haina Zamu

Kwako Baba, uliyeko Kasansa,

Nakuandikia nikiwa na shahada ya hisabati mkononi na hasira kifuani, na sitaomba radhi kwa lolote kati ya hayo mawili.

Unakumbuka likizo yangu ya kidato cha nne, Mama akiwa na mimba ya nne? Tulikuwa wasichana watatu. Ulinikuta kando ya zizi, pale Magamba, nikichora ardhini kwa kijiti: shina likigawanyika matawi mawili, mvulana na msichana, kila tawi likigawanyika tena, mpaka uzazi wa mara nne ukatoa njia kumi na sita. Nilikuonyesha kwamba matawi matatu tulikwisha kuyapita, hivyo mbele yetu zilibaki njia mbili tu, zenye uwezekano sawa.

"Majike matatu mfululizo," ulisema. "Sasa ni zamu ya dume."

"Baba, mimba haina zamu. Haikumbuki iliyotangulia."

Ulicheka. "Mti gani huu, mwanangu, hauna hata tunda?" Ukaufuta kwa katambuga zako za tairi.

Wiki hiyohiyo ng'ombe wako walizaa mitamba mitupu, nawe ukamshukuru Mungu. Zizini jike lilikuwa baraka. Nyumbani likawa mkosi.

Mdogo wetu akazaliwa, msichana. Mama alivuja damu hadi muuguzi akamwonya asithubutu kuzaa tena. Hukuuliza kama atapona. Uliuliza ni mtoto gani, kisha ukaswaga ng'ombe kwenda Kasansa kuoa.

Na sasa umemtuma baba mdogo hapa Ilembo, tulikohamia ulipotuacha! Jumapili alikaa kwenye kigoda, akakohoa: "Shemeji, kaka atarudi. Kasansa nako hajapata dume. Anaomba ujaribu mara moja tu. Baada ya wanne, wa tano hawezi kukosa kuwa dume."

Hawezi kukosa? Tawi la tano linagawanyika vilevile kama la kwanza. Ila kwa Mama lipo na jingine, ambalo siku ile sikulichora: kaburi.

Mama alikuwa akipepeta mchele. Hakuinua kichwa.

"Mwambie kaka yako, akitaka bahati nasibu akanunue tiketi. Mimi nimefunga duka."

Hilo ndilo jibu lake, nami nimeliandika ili baba mdogo asilipunguze makali njiani. Ukija kuwaona binti zako, karibu. Ukija kutafuta dume, utanikuta mimi mlangoni, na sitakupisha.

Wako,
Mzaliwa wako wa kwanza