Sauti Niliyoizima

Jumapili

Wiki nzima sauti ya runinga imenichosha: ukigusa rimoti tu, inasoma kila kilichoandikwa kwenye kioo, hadi majina ya chaneli. Leo tulipotoka kanisani nikaingia kwenye mipangilio, nikaizima. Nyumba ikatulia. Nikamshukuru Mungu.

Mama akaja kutafuta taarifa ya habari. Akabonyeza, akasubiri. Akabonyeza tena.

"Nani kaizima?"

"Mimi, mama. Ilikuwa inatupigia kelele."

"Irudishe. Ndiyo inayoniambia nimefika wapi."

Nilidhani anatania.

"Mama, kwani huoni?"

"Naona mwanga. Hata wewe nakutambua kwa kandambili zako."

Nimeirudisha. Lakini miezi yote hii, ndani ya nyumba moja, mimi nilikuwa wapi?

Na wale dagaa wenye mchanga! Mama amechambua dagaa soko la Mwaloni tangu sijazaliwa, hakuna mteja aliyewahi kutafuna chembe. Juzi mezani nikamtania mbele ya watoto: "Bibi yenu siku hizi anatulisha ufukwe."

Akacheka kuliko sisi wote.