Vitumbua vya Arusi ya Rukia

Jumatatu, 4 Mei

Birmingham nzima hakuna mwanamume anayegeuza kitumbua kama mimi. London pia, waje. Leo nimegeuza arobaini, kimoja tu kimeungua, nacho nimekila ushahidi usibaki. Bibi yuko kwenye kiti chake jikoni, mikono inamtetemeka, ananikodolea macho. Miaka yote arusi za Wazanzibari hapa, vitumbua ni vyake. Sasa hata kijiti cha kugeuzia kinamponyoka. Mama yuko kazini, dada zangu wanamjibu Kiingereza. Nimebaki mimi, niliyefukuzwa skuli. Mambo yamepata mwenyewe.

Jumatano, 6 Mei

Bibi hatazami saa. Anainamisha sikio kwenye ndoo, anasikiliza unga unavyoumuka. Nikamwambia, "Si uupigie simu tu huo unga?" Kanichapa mwiko.

"Mchele uloweke usiku kucha, ndiyo usage na tui. Unga wa paketi wa kugandishia karatasi huo!"

Nishasikia. Mara mia. Miguu inaniwasha, nataka kutoka.

Ijumaa, 8 Mei

Kesho arusi ya Rukia, binti wa ami. Bibi kaenda kulala kwao, Northfield. Kila kitu kaniachia. Mlangoni kanishika shavu: "Kesho nitawaambia wote nina mrithi." Watajionea wenyewe! Mchele nitaloweka nikirudi. Wenzangu wananingoja Selly Oak, bila mimi hawafungi hata goli moja.

Jumamosi, 9 Mei, asubuhi

Sikuloweka. Nilirudi nikalala na viatu. Nimekimbia dukani hapa Stechford, nimenunua unga wa paketi. Hamira nimetia mara mbili. Nani atajua? Fundi ni fundi.

Jumapili, 10 Mei

Vilikuwa vigumu kama mipira ya kriketi. Mtoto mmoja alidundisha kimoja sakafuni. Bi Salma, shoga yake Bibi, akacheka ukumbi mzima ukasikia: "Bi Asha, mkono umekufa nini?"

Bibi alikuwa ameshauma kimoja. Alijua. Akakitafuna mpaka kikaisha.

"Umekufa, shoga yangu. Nimepika mimi."

Nilikuwa nyuma yake, nimeshika sinia.

Leo mvua. Bibi kajilaza, hajaniuliza kitu. Chai nimempelekea, kasema ahsante.

Unga si kitu, ungesagwa mwengine. Alisema kapika yeye, nami nikanyamaza.