Pipa la Shamte

Newala, 1953

Jumatatu, 5 Oktoba

Nimeamka na hasira ya maji. Stamili na Sikudhani, wasichana wangu wa kazi, waliteremka bondeni gizani, wakarudi jua limeshapanda. Debe la Sikudhani lilimwagika nusu kwenye mwinuko. Chai ikachelewa. Wanunuzi wa korosho wakakaa, wakatazama mlango wa jikoni, wakahamia ng'ambo ya barabara kwa mwenzangu. Siwalaumu. Hoteli bila chai ni banda tu.

Na banda lenyewe si langu. Bwanali, mwenye nalo, alipita jioni. Akasema kwa upole – upole wake ndio unaonitisha – kwamba nisipochangamka msimu huu wa korosho, banda atampa fundi cherehani. Nikasema, nimesikia, Baba Abdulkadiri. Mume wangu Marko yuko mkongeni Lindi, haleti habari. Nikifunga hapa, mimi na mwanangu Bibiana tunarudi Nanganga kwa shangazi, tukale mihogo ya masimango.

Wazungu wa bomba la maji wamepita tena na fimbo zao, wanapima. Wapime tu.

Jumatano, 7 Oktoba

Nimepanga upya mambo yote. Leo nina akili!

Shamte ndiye dereva wa lori la Masasi. Abiria wake hula popote anapofunga breki. Nimemwomba afunge breki mlangoni kwangu, na aniletee pipa la maji kutoka visima vya huko chini, likiisha aniletee jingine. Yeye atakula bure. Amekubali papo hapo, na pipa la kwanza limeshuka leo leo, aliporudi jioni.

Basi: maji ya pipa, chai na kunywa. Ya bondeni, vyombo. Stamili ateremke peke yake. Sikudhani abaki akande unga. Mihogo ichemshwe jioni, asubuhi ni kupasha moto tu. Maandazi kabla ya lori, chapati baada yake. Mtungi wa maji ya kunywa ukae kivulini, si karibu na jiko kama alivyouweka yule Sikudhani wangu, akili mali.

Shamte ni Myao, mimi Mmakonde, kwa hiyo watani. Wakati wa kuondoka akabeba jogoo wangu, eti ni wa babu yake, tulimwiba zamani. Nikacheka. Mtani humnunii.

Jumamosi, 10 Oktoba

Hoteli imejaa hadi watu wamekaa juu ya magunia. Paulina wa sokoni kaja na wenzake, hata Bwanali kaagiza maandazi mara mbili.

Wakati huohuo Shamte akapanda juu ya lori, akapaza sauti: “Mesi hayo, maji hayo, Wamakonde! Kunyweni. Ndiyo yaliyobaki tulipomwosha maiti wetu.”

Watu wakacheka. Paulina alicheka mpaka akashika ubavu. Nikamjibu kwamba ndiyo maana Wayao wananuka, wanayaoga wao kwanza. Wakacheka zaidi. Shamte naye akacheka, ila kidogo, halafu akaniuliza kama nitaendelea kuyatumia. Nikamwambia nitakupikia wewe ubwabwa wa matanga kwa maji hayohayo.

Kuna mama mmoja, mgeni, mume wake ni karani wa watu wa bomba. Mtu wa bara. Utani wetu haujui. Aliweka kikombe chini polepole, akamshika mwanawe mkono, akatoka. Nikamwona. Nikapuuza.

Jumatatu, 12 Oktoba

Hakuna mtu.

Yule mama kasema sokoni, kasema zahanati, kasema kanisani. Hoteli ya Mama Bibiana wanapikia maji ya maiti. Nilidhani watu wa hapa watamcheka. Wapi! Paulina mwenyewe kapita anatazama vidole vya miguu yake. Nikamwita: si ulikuwepo, si ulicheka? Akasema alicheka, ndiyo, lakini tumbo lake linakataa.

Maandazi yamelala. Chapati sikupika. Bwanali alisimama nje, hakuingia, akanisalimia kwa upole sana.

Jumanne, 13 Oktoba

Nimemvizia Shamte lori lilipofika. Nikamwambia awaambie watu kwamba ulikuwa utani. Akasema mtani hafuti neno lake, akilifuta ndipo litakuwa kweli. Hilo najua, sote tumelelewa hivyo. Lakini nilitegemea ataomba kuku, atanitukana kidogo, tuyamalize. Hakuomba kitu. Akasema, kwa nini usiyamwage yaliyobaki, mama, pipa lile ulirudishe, nikuletee jingine?

Niliwaka! Nimwage? Mbele ya soko lote? Si ndiko kukiri huko? Nikamwambia amenivunjia kazi kwa mdomo, asinivunjie tena kwa ushauri. Akaondoka bila kula.

Jumatano, 14 Oktoba

Nimewaweza.

Nililivingirisha pipa mpaka barazani, lori limejaa abiria, soko lote linatazama. Nikachota kwa kata, nikanywa. Nikachota tena, nikampa Bibiana, mwanangu wa pekee, akanywa, akajipangusa mdomo. Nikauliza, nani huchezea uhai wa mtoto wake? Kisha Bwanali akaja, akaketi, akaagiza chai. Wengine wakafuata. Paulina aliniomba radhi kwa kununua chapati asizozihitaji.

Shamte alibaki kwenye usukani. Hakuteremka.

Alhamisi, 15 Oktoba

Hoteli imejaa tena. Naandika jikoni kwa penseli, najifanya naorodhesha mahitaji.

Sikudhani hayupo. Tumbo lilimshika jana jioni, leo kashindwa kuamka.

Shamte ameingia kwa mlango wa nyuma. Hakusalimia, hakuiba kitu. Akasema pipa la kwanza, lile lile la barazani, lilikuwa la msibani. Mjomba wake alikufa kwa kuhara. Walichota humo kumwosha, wakirudisha mikono humohumo. Kisha lori likawa linasubiri, akalisuuza pipa mara moja tu, akalijaza, akaniletea. Nikamwambia, Shamte, leo sina nafasi ya utani. Akasema yeye pia.

Kwa nini hukuniambia? Akasema, nilikwambia. Mbele ya watu wote nilikwambia. Ningeanzaje kukwambia kwa sura kavu, mtani wangu, kwamba nimekupa maji ya maiti? Nilijua utacheka, kisha utayamwaga kimyakimya.

Nilicheka kweli. Sikuyamwaga.

Bibiana kalala kwenye mkeka. Nimemgusa tumbo, amesema siyo kwamba linauma, ila linanguruma. Mungu wangu. Nilimpa kwa mkono wangu.

Chai imechemka, chai siiogopi sana. Lakini mtungi huu ni maji ya pipa lile, mabichi, baridi. Nikiyamwaga, yatapita mlangoni kwenda barabarani na wote watayaona. Fundi cherehani atahamia kesho. Shamte kasimama anangoja niseme neno. Nje Bwanali anagonga meza kwa kijiko, anaita, Mama Bibiana, maji ya kunywa jamani, leo jua kali.

Stamili ameingia. Ameinamisha mtungi, kikombe kimejaa. Anauliza kama apeleke.